Kompyuta Kumi na Mbili za Mkange

Mkange,
6 Mei 2024

Shangazi yangu Shaikha,

Shikamoo, na salaam alaykum kwako na kwa kila aliye chini ya paa lako hapo Dunda. Mimi ni mzima, alhamdulillah. Malaria iliyonibana mwezi uliopita imekwisha, kwa hiyo usianze kunifungia majani ya mwarobaini. Mvua ndiyo haijatuonea huruma. Juzi basi la kina Msabaha lilikwama kwenye tope mpaka abiria wakateremka kusukuma, na mimi nilikuwamo. Dada Nouf na ujauzito wake wanaendeleaje huko Kerege? Mwambie mjomba wa mtoto anasubiri kwa hamu, awe wa kike au wa kiume.

Ningekupigia simu, lakini huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, nao ni wa kusema "halo, halo" tu halafu unakatika. Haya ya leo ni marefu.

Unakumbuka kile chumba cha kompyuta nilichokuonyesha picha yake? Kompyuta ni kumi na mbili, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaojiandaa kwa mtihani wa kompyuta mwaka huu nao ni kumi na wawili. Ni mara ya kwanza kwa shule yetu. Sasa imekuja barua kutoka wilayani kwamba mwezi wa tisa atafika afisa kukagua. Anataka kila mtahiniwa awe na kompyuta yake, na kila kompyuta iwe na apdeti zote za usalama. Ikipungua moja, watoto wote watahamishiwa mjini kufanyia mtihani huko, na watajitafutia wenyewe pa kulala. Wengine watakwenda. Mosi, ambaye ndiye mkali wao, hatakwenda. Anaishi na bibi yake, na bibi ameshasema mjukuu wake halali kwa watu asiowajua.

Kompyuta zenyewe hazijaonja apdeti tangu zije. Wiki jana walimu tulichangishana bando. Simu yangu tukaifunga kwenye kamba ya bendera, tukaipandisha juu ya mlingoti ili ishike mtandao, nami nikaziunganisha kompyuta zote. Lo! Kila moja ikaanza kuvuta kitu kilekile kwa upande wake. Bando likaisha kabla hata moja haijafika nusu.

Kumbe kuna njia nyingine. Apdeti unazishusha mara moja tu, unazihifadhi kwenye diski, kisha unaipitisha diski kompyuta hadi kompyuta bila intaneti yoyote. Wewe kwenye duka lako la kuchapisha una intaneti ya waya. Nakuomba unishushie. Kwenye karatasi ya pili nimekueleza zinapopatikana na aina ya kompyuta zetu: tisa ni za kawaida, tatu ni zile ndogo za kufunika kama kitabu.

Sitaki kuwaona watoto hawa wakipanda basi na magodoro kwa ajili ya kitu kinachoingia kwenye diski ya kutia mfukoni. Nimeshaamua hawatapanda. Nisaidie.

Mwanao,
Bader


Dunda,
21 Mei 2024

Mwanangu Bader,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Sote wazima isipokuwa miguu yangu, ambayo ikiona mvua inavimba. Nouf tumbo limekuwa kubwa na hali kitu ila ubuyu. Nimemwambia mtoto atatoka mwekundu mdomo. Mwarobaini nimekufungia hivyohivyo. Chemsha, unywe, usinijibu.

Ebo! Mwalimu mzima unapandisha simu kwenye mlingoti wa bendera! Nimecheka mpaka mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti akacheka pamoja nami bila kujua sababu, na picha ikaharibika. Na hao walimu wenzako wote wakasimama chini wakaangalia juu, asitokee hata mmoja wa kuuliza kompyuta zote hizo zitakula bando moja vipi? Mimi nikialika watu kumi na wawili siwashi majiko kumi na mawili.

Haya, nimeshusha. Ilinichukua muda, maana intaneti ya hapa nayo mvua ikinyesha inalegea, na katikati ya kushusha kuna watu wanataka kuchapisha barua za kuomba kazi. Nimeziweka kwenye diski yangu nyeusi, ile ya picha za harusi. Kabla hujaanza, kwenye kila kompyuta zima kule kujivutia apdeti bila kuombwa, zisije zikamfilisi mwalimu mwingine.

Diski nimemkabidhi Msabaha mkononi, nimemwambia ikae kwenye siti ya konda wala isiende kwenye buti. Ikipotea asipite tena Dunda. Na barua imo, kwa sababu dukani kwangu mzigo hauondoki bila karatasi. Ndivyo baba yetu alivyotulea, na siachi leo kwa ajili ya hizo sauti zenu za kwenye simu.

Diski iko ndani ya kopo la halua, chini kabisa, nimeifunga kwa nailoni mara mbili. Halua ni ya kula. Mgawie na mkuu wako wa shule, watu wasije wakasema sisi ni wachoyo.

Hujaniambia unakula nini. Ukinyamaza juu ya chakula najua unakula ugali na chumvi.

Shangazi yako,
Shaikha


Mkange,
13 Juni 2024

Shangazi Shaikha,

Shikamoo. Eid inakaribia nami sitafika, maana likizo hii nimebaki na watoto wa kidato cha nne. Nipelekee mkono wa Eid kwa kila mtu. Halua ilifika nzima. Mkuu wa shule, Mwalimu Verdiana, ambaye kwao ni Bukoba na alikuwa hajawahi kuionja, alikula kijiko kimoja akasema ni tamu mno, hailiki. Baadaye nikamkuta anakwangua kopo. Na mimi ninakula, Shangazi. Nakula mihogo na samaki wa kutoka Saadani, na ugali una mboga.

Apdeti zimegoma. Kompyuta ya kwanza ilifikiri kwa muda mrefu, kisha ikaniandikia kwamba kitu hiki hakiihusu. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yangu wamejaa furaha, nikaona aibu kugeuka. Nilisoma maelezo upya mpaka nikaelewa. Kompyuta zetu zimekaa nyuma siku nyingi, na kuna apdeti ndogo ya msingi ambayo lazima itangulie. Hiyo ndiyo inayoifundisha kompyuta kuzipokea zile kubwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha kupika mchuzi wa nazi: tui jepesi kwanza, zito mwisho. Mimi nimeanza na zito. Kosa ni langu, kwenye ile karatasi sikukuandikia.

Zile kubwa nimezinakili kwenye moja ya zile kompyuta za kawaida, zitatungoja. Naomba sasa hiyo ya msingi, na diski ndiyo hii inarudi kuichukua.

Nilitaka kuirudisha kama ilivyo, Mwalimu Verdiana akanizuia mlangoni. "Bader, chombo cha mtu kimekuja na halua, wewe unakirudisha kitupu? Yule mama atatuonaje?" Nikamwambia halua ilikuja kwenye kopo, si kwenye diski. Akasema kopo yeye atalijaza asali, na diski nayo ni chombo, nisimletee ubishi wa shule. Mimi niliyelelewa na wewe ningebisha kwa uso gani? Basi watoto wamekuimbia wimbo wa kukushukuru, Mosi akiongoza, nami nimeurekodi. Nimeweka na picha zao, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Zifungue ukiwa umetulia.

Mwanao,
Bader


Mkange,
15 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Eid imepita, shule zimefunguliwa, na sijapata neno kutoka kwako. Nimepanda kichuguuni tena na tena. Simu yako inaita, haipokelewi. Nouf amejifungua?

Msabaha ananiapia kwamba kopo na diski alikutia mkononi, na kwamba ulifurahi ukamnunulia soda. Lakini anasema safari zilizofuata alikuta duka limefungwa, mchana, siku ya kazi. Nikamuuliza kama kuna msiba. Akasema hakuona turubai wala watu.

Unaumwa? Kama nimekukosea, nitukane, lakini usininyamazie. Leo sikuulizi habari za apdeti. Nakuuliza wewe.

Bader


Dunda,
30 Julai 2024

Bader,

Marahaba. Nouf amejifungua mtoto wa kike, salama. Wamemwita Samia. Mimi nilikuwa Kerege nikimkanda, ndiyo sababu ya simu. Siumwi.

Duka lilikuwa na matengenezo. Limefunguliwa kidogo.

Apdeti ya msingi imo ndani ya diski. Nimeishushia hukohuko Kerege. Asali ilifika, mshukuru mkuu wako wa shule.

Ukimaliza, diski irudishe tupu.

Shaikha


Mkange,
11 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hongera, na Nouf mpe hongera zangu, na Samia mbusu kwenye nyayo. Nimewatangazia walimu kwamba nimekuwa mjomba, wakanidai soda.

"Diski irudishe tupu." Miaka yote niliyoishi kwako sijakusikia ukimwambia mtu arudishe chombo kitupu, hata yule jirani aliyekaa na sinia lako toka Ramadhani mpaka Ramadhani. Nikajua kuna jambo nimekutenda, na nikajua hutalisema.

Basi nikaendelea na kazi. Zile tisa za kawaida zikaipokea apdeti ya msingi bila maneno, zikafuata zile kubwa, nazo zikaingia. Watoto walipiga makofi mpaka mwalimu wa kidato cha pili akaja kulalamika. Lakini apdeti zilipokwisha kukaa, kinga ya kompyuta ikaamka, na ilipoamka ikaanza kupiga kelele. Virusi, Shangazi. Kompyuta zote tisa! Vile vinavyoficha mafaili ya mtu na kumwachia majina matupu, ukibonyeza hakuna kitu. Vilikuwa vimejilalia humu sijui tangu lini, sisi tukiviimbia. Na mimi kwa mkono wangu nikavipakia kwenye diski pamoja na wimbo wa kukushukuru, nikakuletea mpaka dukani.

Astaghfirullah. "Matengenezo"! Kazi za watu zilikuwamo? Kadi za harusi zilikuwamo? Nimeona aibu ambayo siwezi kuiandika. Nisamehe, Shangazi yangu. Sikujua.

Lakini na mimi nina neno, na uniahidi hutanipiga. Virusi hivi ni vya zamani. Kompyuta yenye apdeti inavitema mlangoni. Sasa kwako viliingiaje? Likizo ngapi nimekaa dukani kwako, nimeona kwa macho yangu: apdeti umezizima kwenye kompyuta zote tatu, ati zinawachelewesha wateja. Ulikuwa unashusha apdeti za Mkange kwa kompyuta zisizokuwa na apdeti.

Kwa hiyo diski siirudishi tupu, hata uje unichape mbele ya wanafunzi wangu. Nimeifuta yote, nimeikagua kwenye kompyuta iliyokwisha pona, kisha nimeijaza apdeti zako mwenyewe, ya msingi na kubwa, kwa mpango wa tui. Najua ulizokuwa nazo zimekwenda na maji. Hizi ni zile nilizonakili. Zipige kwenye kompyuta zako, na bando hutatumia hata chembe. Wimbo sikuurudia. Nimeogopa.

Hali yetu ni hiyo: tisa tayari. Zile tatu ndogo zinasumbua kidogo, lakini siziachi.

Mwanao,
Bader


Dunda,
2 Septemba 2024

Mwanangu Bader,

Marahaba, na wa alaykum salaam. Samia ananyonya kama mtu mzima na analia kama amenyang'anywa shamba. Nouf hapati usingizi, mimi nacheka, maana na yeye alinifanyia hivyohivyo.

Nilikasirika. Nataka ulijue hilo, maana kukuficha kumenichosha. Ule wimbo niliufungua dukani mbele ya wateja, kifua mbele, nikawaambia sikilizeni wanafunzi wa mwanangu. Kila mtu akausifu. Kesho yake nafungua kompyuta, hakuna kitu. Kadi za harusi hakuna, mitihani ya majaribio ya shule mbili hakuna, utafiti wa kijana wa chuo aliyekuwa anangoja kuchapisha hakuna. Fundi akaja, akahangaika, mwisho akafuta kila kitu akapiga window upya. Mama mwenye harusi alinitukana barazani mbele ya watu, na mimi nikawa naitikia "haya mama, haya mama". Mimi Shaikha! Nikafunga duka, nikaenda kwa Nouf, nikajiapiza kwamba neno Mkange silitaki tena.

Halafu nikiwa kulekule Kerege nikajikuta naomba kompyuta ya mkwe, nakushushia ile ya msingi. Wallahi sijui kwa nini. Nadhani ni zile picha. Nilikuwa nimezitazama kabla hazijapotea, na yule msichana mwembamba mwenye shungi jeupe alikaa wima mno, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ndiye Mosi? Nilijua tu.

Diski yako ilipofika niliitia kwenye droo, sikuigusa. Nilikuwa naiogopa kama nge. Juzi nikasema potelea mbali, nikaichomeka. Zikaingia zote, kwa mpango wa tui. Jana mteja kaniletea flashi yake, kinga ikaamka, ikakikuta kirusi humo ndani ikakiua palepale. Nilipiga kigelegele peke yangu, mteja akadhani nimechanganyikiwa. Haya, ni kweli nilizizima, na ulimi wako ni mrefu. Sasa nimeziwasha na zitabaki zimewashwa, mteja mwenye haraka akangoje nje.

Kadi nilizitengeneza upya bila malipo, na yule kijana wa chuo nimemchapia kurasa zake zote upya kwa vidole vyangu hivi. Tumemaliza, tusirudi huko. Diski ikija tena, ije na kitu, na huo wimbo urekodiwe upya.

Apdeti ya mwezi huu ikitoka nitakuletea papo hapo, afisa asikukute na pengo. Na zile tatu ndogo zina nini hasa? Usiniandikie "zinasumbua". Taja ugonjwa.

Shangazi yako,
Shaikha


Mkange,
26 Septemba 2024

Shangazi Shaikha,

Shikamoo. Natumai Maulid ilikwenda vizuri na kwamba safari hii hukuwapikia watu wa mtaa mzima peke yako. Apdeti ya mwezi ilifika na Msabaha, nikaipiga kwenye zile tisa bila kuilaza.

Afisa amekuja. Ni mtu mstaarabu, hana maneno mengi. Aliwasha kompyuta moja moja, akasoma tarehe ya apdeti, akatia alama kwenye karatasi zake, akaendelea. Akaniuliza, "Mwalimu, huku intaneti mmeitoa wapi?" Nikamjibu kwamba ilikuja na basi. Akacheka kwelikweli. Alipofika kwenye zile tatu hakucheka tena.

Uliniambia nitaje ugonjwa, nami nilikuficha kwa sababu nilidhani nitaushinda. Diski zake za ndani ni ndogo mno. Nimefuta kila kinachofutika, nimebakisha mifupa, lakini apdeti ikifika katikati inasema nafasi haitoshi, inajirudisha yote ilikotoka. Nimejaribu tangu mwezi wa nane. Nimejaribu usiku wa kuamkia siku ya afisa mpaka macho yakawa mekundu. Zimekataa, na sasa nakubali kwamba hazitaweza.

Mwalimu Verdiana alimsihi, watoto wafanye kwa zamu. Akasema hakuna zamu: mtihani unaanza kwa wote pamoja, na kila mtoto awe na kompyuta yake mbele. Ametupa mpaka tarehe kumi Oktoba, atarudi kuhesabu. Akikuta tisa, mtihani unahamia mjini, na wote kumi na wawili wanakwenda.

Nimewatangazia watoto leo. Wameanza kuulizana nani ana begi la kuazimisha. Mosi hakuuliza. Aliendelea kuchapa zoezi lake mpaka nikafunga chumba. Jioni nilimfuata bibi yake nyumbani. Alinikaribisha vizuri, akanipa togwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akakataa. Hakupandisha hata sauti. Nikarudi njia nzima nalia, mwalimu mzima. Miaka minne mtoto yule amesoma, ndiye anayewafundisha wenzake nikiwa na kipindi kingine, na mtihani utampita akiwa amekaa nyumbani.

Sikuombi kitu, Shangazi. Umeshafanya mengi na yamekupata mengi. Nimeandika ili ujue tu. Kesho naanza kuzunguka shule za jirani kutafuta za kuazima, ingawa nasikia zao ni ndogo kama hizi zetu. Nitazunguka hivyohivyo.

Mwanao,
Bader


Dunda,
5 Oktoba 2024

Bader,

Marahaba. Nouf mzima, Samia mzima, mimi mzima, miguu imevimba. Salamu zimekwisha.

"Sikuombi kitu"! Hebu nitolee! Adabu hiyo ya kijinga umeifundishwa na nani? Mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu ananiandikia kama anamwandikia mkurugenzi. Nimeisoma barua yako kwa sauti dukani na wateja wote wamekulaumu.

Hesabu nimeifanya mwenyewe wala haikunichukua muda. Wewe unazo tisa, mimi ninazo tatu. Zangu ni kubwa, zina nafasi, na zina apdeti zote, maana ulizipa mwenyewe. Hiyo sheria uliyoniandikia inataka kila mtoto awe na kompyuta yake mbele. Haikuuliza imetoka kwa nani.

Jana nimezing'oa mezani. Nimezifunga kwa mablanketi na mito ya makochi, sebule yangu sasa haina pa kukaa. Kazi za wateja nimezihamishia kwenye diski, na hii diski safari hii inabaki kabatini. Mlangoni nimebandika karatasi kwamba duka limefungwa mpaka watoto wa Mkange wamalize mtihani. Fundi ameniuliza mwezi huu na ujao nitaishi vipi. Nimemwambia nitakula kwa mwalimu Bader, anasema huko ugali una mboga.

Najua utataka kunizuia. Usijisumbue kupanda kichuguuni, simu nimeizima. Msabaha ameshanitengea siti za nyuma zote. Keshokutwa Jumatatu napanda nazo mwenyewe, kwa sababu nikizituma zenyewe mtu atakuja kuziwekea mkungu wa ndizi juu. Barua hii nimeitanguliza leo ili unikute kituoni na watu wa kubeba, wenye mikono mikavu. Tafuta meza tatu zisizoyumba. Na nitandikie chandarua kisicho na matundu.

Afisa wenu akija tarehe kumi atanikuta nimekaa kwenye kiti mlangoni mwa hicho chumba. Atazihesabu mbele yangu, moja moja.

Na hao watoto waambie wafungue mabegi, warudishe nguo walikozitoa. Mosi mwambie mtihani wake ataufanyia Mkange, na jioni yake atakula kwa bibi yake.

Shangazi yako,
Shaikha